Vijana wa Korea na jeshi la lazima: maswali mnayoniuliza kila siku

Nilisoma Daejeon miaka minne na tangu nirudi Dar hakuna kitu naulizwa kama hiki cha jeshi. Wengi mnaanzia kwa mastaa, fulani kapotea kwenye tv, eti kaenda jeshini, anarudi lini? Sawa, nitajibu. Ila mimi niliishi na upande wa pili, darasani kila muhula ukiisha viti vinabaki wazi, na mama mwenye nyumba wangu ambaye nilikuwa namwita imo, ndo mama mdogo kwa Kikorea, alimsindikiza mwanae wa pekee kambini nikiwa nimepanga pale pale kwake. Kwa hiyo msome na ya hao wasiojulikana maana ndo wengi. Nikisema Korea hapa naongelea Kusini.

Kwani ni lazima kweli au ni kama JKT?

Ni lazima kweli. Katiba yao kifungu cha 39 inasema kulinda nchi ni wajibu wa raia, na sheria ya utumishi jeshini ndo inawataja wanaume. Kwetu mujibu wa sheria ni miezi michache na ni kwa waliomaliza form six tu, kule ni mwaka na nusu kwenda juu na inamgusa mtoto wa profesa, wa muuza samaki, wa tajiri, wote. Ukiitwa usiende bila sababu inayokubalika ni jela hadi miaka 3, na ukijiumiza makusudi au ukitoroka ili usichukuliwe unaweza kula mpaka 5.

Vita si iliisha 1953? Bado wanaogopa nini?

Hapa ndo wengi wanakosea. Vita ilianza tarehe 25 Juni 1950, na kilichosainiwa tarehe 27 Julai 1953 ni kusimamisha mapigano tu, mkataba wa amani haujawahi kusainiwa mpaka leo. Katikati ya nchi mbili kuna ukanda wa kilomita 4 kwa upana na kama 250 kwa urefu, waya na mabomu ya ardhini, na Seoul yenyewe iko kama kilomita 50 tu kutoka huko. Yaani jiji la mamilioni ya watu na mizinga ya jirani inaweza kulifikia.

Na sio mambo ya zamani. Novemba 2010 Kaskazini walipiga makombora kisiwa cha Yeonpyeong, wakafa raia wawili na askari wawili vijana. Mmoja alikuwa sajenti anaondoka kwenye likizo yake ya mwisho kabla ya kumaliza muda, aliposikia milipuko akageuza kurudi kambini. Hiyo stori kila nikiikumbuka nakosa cha kusema.

(Halafu wachache wanajua hili, Waethiopia walipigana ile vita ya Korea ya 1950 hadi 1953, kikosi chao cha Kagnew, na mnara wao upo Chuncheon.)

Wanaenda wakiwa na umri gani?

Kuanzia 18, na kwa kawaida isizidi 28. Mwaka unaotimiza 19 unaitwa kupimwa. Wengi wanaenda wakiwa 20 au 21, yaani wamesoma chuo mwaka mmoja au miwili halafu wanasimamisha masomo. Ndo maana chuo cha miaka 4 mwanaume anamaliza miaka 6, na ndo maana vile viti vilikuwa vinabaki wazi. Anayerudi wanamwita bokhaksaeng, mwanafunzi aliyerudi, na unamjua kwa macho tu, anakaa mbele, anaandika kila kitu, wenzake wa kike aliowaacha first year sasa wanatafuta kazi na yeye anasoma na madogo asiowajua.

Hapo ndo pana uzito wenyewe. Umri ule ndo unatafuta fani, ndo unapenda, ndo unajua wewe ni nani, na kila plan unayoweka lazima uizungushie jeshi. Niende kabla au baada? Nikienda sasa nitasahau hesabu, nikichelewa nitakuwa mzee kati ya makuruta. Jamaa zangu wa lab walikuwa wanaongelea hicho kitu kama sisi tunavyoongelea ada.

Na ukishafika miaka 25 hujaenda, huwezi hata kusafiri nje ya nchi bila kibali cha ofisi ya uandikishaji.

Wanapimwa nini, na nani anapona?

Macho, damu, eksrei, mgongo, akili, kila kitu. Unapewa daraja kuanzia 1 mpaka 7. Daraja la 1 hadi 3 ni jeshi kamili. La 4 unafanya utumishi wa kijamii, ofisi za serikali, stesheni za treni, vituo vya kulelea wazee, na jioni unarudi kulala kwenu. La 5 unaitwa vita ikitokea tu, la 6 umesamehewa kabisa, la 7 rudi tupime tena. Zamani tatuu nyingi zilikuwa zinakushusha mpaka la 4, tangu 2021 hazikuokoi.

Aliyesamehewa mtaani wanamwita mtoto wa Mungu, na yule wa jeshi kamili wanamwita mtoto wa giza. Wanatania lakini nilisikia uchungu ndani yake, maana anayesamehewa kwa ugonjwa naye anaishi na macho ya watu, kila interview ya kazi anaulizwa mbona hukwenda.

Ni miezi mingapi?

Jeshi la nchi kavu 18, na haebyeongdae pia 18, hao ni askari wa majini wanaotua kupigana nchi kavu, wanajulikana kwa ukali. Wanamaji 20. Anga 21. Utumishi wa kijamii 21. Zamani ilikuwa ndefu zaidi, kuna wazee walitumikia miaka mitatu na wakikutana na vijana wa leo hawakosi kuwaambia nyie mmeenda kutalii.

Nchi kavu unapangiwa, hizo nyingine unaomba mwenyewe. Kuna na katusa, vijana wa Kikorea wanaotumikia ndani ya jeshi la Marekani, wengi Camp Humphreys kule Pyeongtaek. Huko inatakiwa Kiingereza kizuri halafu wanachaguliwa kwa bahati nasibu, kompyuta inachagua majina, hakuna cha mjomba wala shangazi. Kuna pia wanasayansi wa PhD wanaoruhusiwa kutumikia miaka 3 kwenye utafiti badala ya kambi, mmoja wa lab yetu alikuwa hivyo.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Wengi wa nchi kavu wanapitia depo ya Nonsan, ipo tangu 1951, wanaume wa nchi ile ukitaja Nonsan tu sura zinabadilika. Asubuhi kijana kashanyoa kipara (kunyoa penyewe ni tukio, mama anakaa saluni anaangalia nywele zinadondoka), familia nzima inapanda gari, wanakula chakula cha mwisho kwenye migahawa iliyozunguka depo ambayo inaishi kwa siku hizo. Wanapanga mistari uwanjani, wanawageukia wazazi wanawapigia saluti au wanainama, halafu wanaingia. Basi. Haichukui muda.

Kinachouma kinakuja baadae. Kijana akishapewa kombati, nguo alizoingia nazo zinapakiwa kwenye boksi zinatumwa nyumbani kwa posta. Suruali, viatu, soksi, na kikaratasi kaandika haraka haraka kwamba yuko salama msiwe na wasiwasi. Imo alipata boksi la mwanae nikiwa nipo. Aliliweka juu ya meza hakulifungua mpaka jioni, alipofungua akanusa lile shati, akakaa chini. Mimi sikujua nifanye nini nikaenda kuchemsha chai. Nilikuja kujua baadae kwamba karibu kila mama Korea mwenye mtoto wa kiume ana stori ya hilo boksi.

Depo ni kama wiki 5. Kwata, shabaha, kutupa bomu la mkono, chumba cha gesi ya machozi, kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni. Na Choco Pie! Zile biskuti za chokoleti, kuruta anazipata Jumapili akienda kanisani au kwenye hekalu la Kibudha, na wengi wanakiri kwamba walichagua dini ya wiki ile kwa kuangalia wapi wanagawa nyingi. Ukiona njaa ya utamu inampeleka kijana wa miaka 20 kwenye ibada ujue depo ni depo.

Baada ya hapo wanafanya nini mwaka mzima?

Lindo, usafi, mazoezi, lindo tena. Anayepangwa mpakani, Cheorwon kwa mfano, baridi inashuka chini ya nyuzi 20 hasi na anasimama usiku anaangalia giza. Theluji ikianguka sisi tulikuwa tunatoka nje na simu kupiga picha, ila wanajeshi wanaiita takataka zinazodondoka kutoka mbinguni, kwa sababu ni wao watakaoifagia, na wakimaliza inaanguka nyingine.

Kuongea kwenyewe kuna sheria, kwenye shughuli rasmi sentensi inatakiwa imalizikie kwa heshima ya kijeshi, zile da na kka mnazosikia kwenye tamthilia. Vyeo ni vinne na mtu anapanda kwa miezi, wa chini kabisa anashika ufagio, sajenti anayekaribia kuondoka analala analala tu. Wana msemo wao, hata ukiining'iniza kichwa chini miguu juu, saa ya wizara ya ulinzi inatembea. Yaani vumilia, siku zinakatika tu.

Na wapo wanaofika mpaka huku kwetu. Meli za kikosi cha Cheonghae zinalinda Ghuba ya Aden dhidi ya maharamia wa Somalia tangu 2009, na kikosi cha Hanbit kiko Bor, Sudan Kusini, tangu 2013. Huko hawapelekwi makuruta kwa nguvu, unaomba mwenyewe na kuchaguliwa.

Wanalipwa?

Siku hizi ndio. 2017 sajenti alikuwa anapata won 216,000 kwa mwezi, hela ya vocha na vitafunwa vya kantini. 2025 sajenti ni won 1,500,000, wa cheo cha chini kabisa 750,000, na ukiweka akiba serikali inakuongezea hadi 550,000 kwa mwezi. Milioni moja na nusu ni kama dola 1,000 na kidogo juu. Kima cha chini cha mshahara uraiani mwaka huo huo ni kama milioni 2.09, kwa hiyo bado wanatumikia kwa punguzo, ila angalau mtoto anatoka na hela ya ada badala ya kutoka na magoti mabovu tu. Mimi hapa naiunga mkono serikali yao mia kwa mia, ilichelewa sana.

Simu je?

Zamani hakuna. Walianza majaribio Aprili 2019, ikawa rasmi Julai 2020, siku za kazi ni jioni baada ya majukumu, saa 12 mpaka saa 3 usiku, na wikiendi kuanzia asubuhi. Depo muda ni mchache mno. Watu wazima walilalamika nidhamu itakufa lakini ukiuliza mama yeyote atakwambia simu ndo kitu bora jeshi lile limewahi kufanya, mtoto akionewa au akiwa na mawazo mabaya usiku kuna mtu anajua.

Haya, BTS, lile kundi la muziki wa pop. Mbona na wao walienda? Na kwa nini Son, yule mchezaji mpira, hakwenda?

Son Heung-min alienda, muda mfupi tu. Kuna utaratibu tangu 1973, mwanamichezo akipata medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya michezo ya Asia anafanya depo ya wiki 3 halafu masaa 544 ya kujitolea kwenye fani yake. Son alipata dhahabu 2018 kule Indonesia, waliifunga Japani 2-1 fainali, 2020 akafanya depo yake na haebyeongdae kisiwani Jeju akatoka wa kwanza kati ya makuruta 157. Faker wa gemu za kompyuta naye aliingia njia hiyo kwa dhahabu ya michezo ya Asia kule Hangzhou, China. Wanamuziki wa klasiki wakishinda mashindano yaliyoorodheshwa nao wanapata.

Muziki wa pop haumo kwenye orodha. Ndo ugomvi wote ulikuwa hapo, mpiga piano akishinda anasamehewa, lakini vijana walioongoza chati ya Billboard hapana? Mwishoni mwa 2020 bunge lilibadili sheria mastaa wa namna hiyo waweze kuahirisha mpaka miaka 30, sio kusamehewa. Jin wa BTS akaenda Desemba 2022, kule Yeoncheon karibu na mpaka, akawa msaidizi wa mafande wa depo, akatoka Juni 2024. Mwenzake Suga alifanya utumishi wa kijamii, na ndo wa mwisho wa kundi kumaliza, Juni 2025.

Maoni yangu, walivyoenda ndo walivyozidi kupendwa kwao. Nchi ile kosa la kukwepa jeshi halisamehewi. Kuna Yoo Seung-jun, alikuwa staa mkubwa sana, aliahidi ataenda, 2002 akachukua uraia wa Marekani kabla hajaingia. Wakamfungia mlango. Alishinda kesi mahakama ya juu, tena si mara moja, na viza bado ananyimwa, zaidi ya miaka 20 sasa.

Wanawake hawaendi?

Hawalazimishwi, wanaweza kujiunga kama maofisa au askari wa ajira. Wanaume wamepeleka kesi mahakama ya katiba mara kadhaa na mahakama imeshikilia kwamba wanaume peke yao ni sawa kisheria, mara ya karibuni 2023. Mahakama hiyo hiyo Desemba 1999 ilifuta alama za bure walizokuwa wanapewa waliotoka jeshini kwenye mitihani ya kazi za serikali. Tangu hapo ni kidonda kati ya vijana wa kike na wa kiume, wavulana wanaona wamepoteza muda bure, wasichana wanasema sisi tunalipwa pungufu na kubaguliwa kazini maisha yote, na wote wana hoja. Nilijifunza kutochangia mada hiyo mezani.

Na ambaye dini yake inamkataza kushika silaha?

Kwa miaka mingi alifungwa, hasa Mashahidi wa Yehova, zaidi ya 19,000 tangu wakati wa vita. Hukumu ilikuwa karibu kila mara mwaka mmoja na miezi 6, kwa sababu ukifungwa muda huo jeshi halikuiti tena. Jaji anajua, mshtakiwa anajua, mama yake anajua. Juni 2018 mahakama ya katiba ikasema lazima kuwe na njia nyingine, na Oktoba 2020 utumishi mbadala ukaanza, miezi 36, wanaishi na kufanya kazi magerezani. Mara mbili ya askari wa nchi kavu na bado gerezani. Kwangu hiyo ni adhabu bado, wameibadilisha nguo.

Aliyechanganya, baba Mwafrika mama Mkorea?

Akiwa raia anaenda. Zamani ambaye rangi yake ilionekana tofauti walikuwa hawamchukui, hilo liliondolewa mwaka 2011. Wazazi wenye watoto wa kiume wenye uraia mara mbili muwe makini sana hapa, kama mtoto ataukana uraia wa Korea mwisho ni tarehe 31 Machi ya mwaka anaotimiza 18, ikipita tarehe hiyo anafungwa na wajibu wa jeshi, na njia ya kuomba baadae ni nyembamba. Nendeni ubalozini mapema, msisubiri.

Wanaonewa humo ndani?

Ndio, na watu wamekufa. Aprili 2014 kijana wa divisheni ya 28 alipigwa na wakubwa zake mpaka akafa. Juni mwaka huo huo sajenti mmoja kule Goseong aliwamiminia risasi wenzake, watano wakafa. Nchi ilitetemeka, sheria zikabadilishwa, na kiukweli kupigana kumepungua sana ukilinganisha na stori za wazee. Lakini Julai 2023 kule Yecheon kijana wa haebyeongdae alisombwa na mto akitafuta watu waliopotea kwenye mafuriko, hakupewa jaketi la kuokolea. Mei 2024 kuruta mwingine alifariki baada ya adhabu ya kukimbizwa na mzigo mgongoni. Mzazi kule anampeleka mtoto serikalini kwa sheria, hakuchagua, kwa hiyo akirudishiwa maiti hasira yake haina mfano na mimi namwelewa.

Akimaliza ndo basi?

Hapana. Miaka 8 ni askari wa akiba, yebigun, miaka 6 ya mwanzo anaitwa mazoezi kila mwaka, halafu ulinzi wa raia mpaka afike umri wa miaka 40. Wanajeshi wenyewe wanapungua, wastani wa watoto kwa mwanamke 2023 ulikuwa 0.72, yaani vijana wa kuandikisha hawapo wa kutosha, na hakuna mwanasiasa mwenye jibu jepesi.

Mtoto wa imo alirudi kakomaa mabega na akawa anaamka saa 12 bila alamu. Ila miezi ya kwanza alikuwa anakula haraka haraka kama kuna mtu atamnyang'anya sahani. Imo alikuwa anamwambia taratibu, taratibu mwanangu.

Mpenzi wangu ni Mkorea, anaenda mwezi ujao. Nimsubiri?

Dada zangu hili mnaniuliza inbox sana. Kule anayesubiri anaitwa gomusin, ni vile viatu vya mpira vya zamani, na ukimwacha wanasema umevaa viatu kinyumenyume. Sitakwambia umsubiri au usimsubiri. Nitakwambia yanayosaidia: muulize tarehe na kikosi kabla hajaingia, wiki za depo usimhesabie ukimya kama dharau, simu anaishika muda mchache mno. Muandikie, barua wanazisoma mpaka zinachanika. Ratiba ya simu ni saa 12 mpaka saa 3 usiku kwa saa za Korea, kwetu ni saa 6 mchana mpaka saa 9 alasiri, kwa hiyo panga lunch yako. Na siku anatoka, wanatoka asubuhi, huku kwetu bado ni usiku wa manane. Weka simu kwenye chaji kabla hujalala, na usiizime.